Cheti cha nyota hakifuniki kila kitu

SWALI: Nauza vipuri vya pikipiki hapa Jinja. Tovuti yangu (tuiite mfano.co.ug) ina www, duka.mfano.co.ug, malipo.mfano.co.ug na majaribio.duka.mfano.co.ug. Nina pia mfano.com, inayowaelekeza wateja kwenye ile ya .ug. Fundi aliniuzia cheti cha SSL (kinachokithibitishia kivinjari kwamba anwani ni ya kweli) cha *.mfano.co.ug, akasema kinatosha kote. Mbona kivinjari bado kinatoa onyo kwenye baadhi ya anwani?
Msomaji, Jinja

JIBU: Nyota hiyo (alama ya *) hushika nafasi ya neno moja tu. Kwa hiyo www, duka na malipo ziko salama, lakini majaribio.duka iko ngazi moja chini zaidi na imeachwa nje. Hata mfano.co.ug yenyewe, bila kitu mbele, haimo mpaka iandikwe kando ndani ya cheti. Nayo .com ni kikoa kingine kabisa. Usidhani kwamba kwa kuwa inaelekeza tu haihitaji cheti: mtu akifungua kwa https, kivinjari hukagua cheti kwanza, ndipo kisikie agizo la kwenda kwingine.

Wewe una majina 7 tu, ukihesabu na www.mfano.com uliyoisahau. Chukua cheti cha orodha, kinachotaja kila jina. Shirika la Let's Encrypt hutoa bure, na kimoja hubeba hadi majina 100. Ikiwa yote yako kwenye seva moja ya Nginx (programu inayohudumia tovuti), tumia Certbot, programu ya kuomba cheti:

sudo certbot --nginx --cert-name mfano.co.ug -d mfano.co.ug -d www.mfano.co.ug -d duka.mfano.co.ug -d malipo.mfano.co.ug -d majaribio.duka.mfano.co.ug -d mfano.com -d www.mfano.com

Kabla ya kubonyeza, hakikisha DNS (daftari linaloonyesha jina liko seva gani) ya kila jina inaelekea seva hiyo na mlango wa 80, wa http, uko wazi. Jina moja likikwama, cheti chote hakitoki. Siku ukiongeza jina la 8, rudia amri ukiandika yote 8. Ukitaja jipya peke yake chini ya --cert-name ileile, Certbot itakuuliza kama uondoe yale 7, na wengi hujibu ndiyo bila kusoma.

Cheti hicho hudumu siku 90, kwa hiyo jaribu mapema kama kitahuishwa bila shida: sudo certbot renew --dry-run. Vya kulipia navyo vinafupishwa: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, na 47 tu ifikapo 15 Machi 2029. Kuhuisha kwa mkono kutakuchosha.

Nyota inamfaa anayefungua anwani mpya kila wiki, tuseme moja kwa kila tawi. Ila kwa Let's Encrypt kwa kawaida huna budi kuweka rekodi ya TXT (maandishi ya uthibitisho) ya _acme-challenge kwenye DNS kila unapohuisha, na kama msimamizi wa DNS yako hana njia ya kuifanya kwa programu, utaisahau.

Malipo ikihamia seva yake, ipe cheti chake na ufunguo wake wa siri. Majaribio nayo ifungie kwa nywila: majina yote ya kwenye cheti huonekana na yeyote anayekifungua.