MASWALI YENU: Nyumba ya taa katikati ya mto, na mlingoti wa taa kwenye mwalo

Msomaji, Nansio, Ukerewe: *Wahariri, habari za kazi. Mwanangu amenionyesha kwenye simu picha ya nyumba ya matofali iliyosimama katikati ya mto Hudson huko Marekani, juu ya paa ina taa. Mto una kingo mbili na zote zinaonekana. Taa ya nini pale, na kwa nini hawakuijenga nchi kavu?*

Ndugu msomaji, nyumba hiyo ni mnara wa taa wa Hudson-Athens, katika jimbo la New York. Umepewa jina la miji miwili inayotazamana, Hudson upande wa mashariki na Athens upande wa magharibi. Uliwashwa mwaka 1874.

Kati ya miji hiyo palikuwa na fungu refu la matope. Mto Hudson hupwa na kujaa, kwa kuwa bahari inausukuma hadi mji wa Troy, zaidi ya kilomita 200 kutoka mdomoni. Maji yakijaa, fungu lilifunikwa na nahodha aliona maji matupu kutoka ukingo hadi ukingo. Meli za mvuke kati ya New York na Albany zilipita hapo usiku na mchana, na zilikuwa zikikwama. Taa ya ukingoni ingemwonyesha nahodha ukingo ambao tayari anaujua. Hatari ilikuwa katikati, kwa hiyo taa ikawekwa katikati, kwenye ncha ya fungu lenyewe. Wewe wa Ukerewe hili unalijua: mwamba unaochomoza majini kila mtu anaukwepa, ila ule uliolala nusu mita chini ya maji ndio unaopasua mtumbwi.

Ujenzi wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza ziligongwa nguzo za miti kupenya tope la mtoni. Juu ya nguzo ukajengwa msingi wa mawe ya matale, na upande wa kaskazini, mto unakotokea, mawe yakachongwa kwa umbo la omo ya meli. Majira ya baridi mto huo huganda, na barafu ikianza kukatika huteremka kwa mapande mazito. Omo hiyo huyapasua yakapita kushoto na kulia. Ukuta bapa ungepokea kishindo chote.

Nyumba ya juu ilikuwa makazi ya kweli. Mtunzaji alijaza mafuta, akapunguza utambi, akafuta masizi kwenye kioo, na ukungu ukishuka alitega mtambo wa kengele ili meli zisikie pale zisipoona. Mtunzaji wa mwisho, Emil Brunner, aliishi humo na mkewe na watoto wao. Mwaka 1949 taa ikaanza kujiendesha, na kazi ya mtunzaji ikaishia hapo.

Msomaji, Igombe: *Mwangaluka! Gati letu la mbao tunalibadilishia nguzo kila baada ya miaka michache. Ajabu ni kwamba tukiing'oa nguzo tunakuta imeoza usawa wa maji tu, kule chini topeni mti ni mzima kabisa. Sababu ni nini?*

Mwangaluka! Mmeona sawasawa, na jambo hilohilo ndilo linalotishia mnara tuliouzungumzia hapo juu.

Kinachoozesha mti ni kuvu, na kuvu inahitaji vitu viwili kwa pamoja, unyevu na hewa. Ndani ya tope unyevu upo lakini hewa hakuna, hivyo mti hudumu hata zaidi ya karne. Juu kabisa, penye jua na upepo, hewa ipo lakini mti unakauka. Usawa wa maji, pale mawimbi yanapolowesha na kuacha, kuvu hupata vyote. Kwenye ziwa letu ukanda huo ni mpana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ziwa hupanda na kushuka kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda kwa zaidi ya mita 2 ndani ya muda mfupi. Mwaka 2006 lilishuka sana, na Mei 2020 likapanda kupita kiasi hadi miji ya pwani yake ikafurika. Anayepima gati kwa maji ya mwaka huu peke yake anajidanganya.

Kule Hudson nguzo zilikuwa salama maadamu zimefunikwa na tope. Siku hizi rafadha za meli kubwa zinazopita karibu zinachimbua tope hilo. Nguzo zikibaki wazi, maji yenye hewa yanazifikia na kuoza kunaanza. Moja ikilegea, mzigo wake unahamia kwa jirani yake, msingi unakaa upande, na matofali ya juu yanaanza kupasuka. Mwaka 2024 shirika la kitaifa la uhifadhi wa majengo ya kale nchini Marekani liliuweka mnara huo kwenye orodha ya mahali 11 palipo hatarini zaidi. Taa yake inawaka, paa ni zima, lakini nyumba inauliwa kutoka chini. Inasikitisha, na ni onyo kwa kila anayejenga majini: kagua miguu kabla ya kupaka rangi kichwa.

Kwenye gati lenu, sehemu ya nguzo inayopita ukanda wa maji ivisheni bomba la zege, kuanzia ndani ya tope hadi mita moja juu ya alama ya maji ya 2020. Wazee wa mwaloni wataionyesha alama hiyo. Na msiruhusu boti yenye injini kubwa kugeuzia kando ya nguzo.

Msomaji, Musoma: *Zamani taa ya mafuta ilionekanaje kutoka mbali hivyo? Na zile zisizokaliwa na mtu zilijiwashaje?*

Mwali wa taa hutawanya mwanga pande zote, na mwingi unapotelea juu angani na chini majini. Mfaransa Augustin Fresnel alipanga pete za miche ya kioo kuzunguka mwali, kila pete ikiupinda mwanga ulale sambamba na maji. Lenzi yake ya kwanza ilifungwa mwaka 1823 kwenye mnara wa Cordouan, mdomoni mwa mto Gironde nchini Ufaransa. Lenzi hizo zilipangwa kwa madaraja: la kwanza, la pwani kubwa, kutoka mwali hadi kioo ni milimita 920. La tano, la mitoni na bandarini, ni milimita 187.5 tu.

Kujiwasha kuliwezekana kwa kazi ya Msweden Gustaf Dalén. Vali yake ilikuwa na fimbo nne za chuma, moja nyeusi na tatu zinazong'aa. Kukipambazuka fimbo nyeusi hunyonya joto, hurefuka na kuziba gesi. Giza likiingia hujikunja na gesi hupita. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Hapa kwetu mnara wa Chumbe, Zanzibar, ulijengwa mwaka 1904 na kuingizwa kwenye gesi mwaka 1926.

Msomaji, Nyegezi: *Tunataka kuchanga tuweke mlingoti wa taa ya sola kwenye mwalo wetu. Urefu gani, rangi gani, betri gani?*

Kabla ya senti moja kutoka, nendeni TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na mamlaka ya bandari mpate kibali. Taa isiyo kwenye ramani inaweza kumpeleka nahodha mgeni mwambani.

Urefu: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha taa kwa mita, jumlisha na cha kimo cha jicho la baharia, zidisha kwa 3.85, utapata kilomita. Mlingoti wa mita 9 na jicho la mita 1: (3 + 1) × 3.85, kama kilomita 15. Mlingoti wa mita 4: (2 + 1) × 3.85, kama 11.5. Lakini taa ndogo za sola kwa kawaida huonekana kilomita 4 hadi 7 tu, kwa hiyo mita 4 juu ya maji ya juu kabisa zinatosha. Fedha ya mita zilizobaki iwekeni kwenye msingi.

Rangi: nyeupe isiyomweka msiiweke kabisa. Usiku wa giza ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, na yenu itapotea humo. Iwe ya kumweka. Kwa utaratibu wa nchi yetu, anayeingia kutoka ziwani huiacha nyekundu kushoto na kijani kulia. Marekani ni kinyume chake, kwa hiyo msinakili picha za huko.

Betri: taa ya wati 3 inayomweka nusu sekunde kila sekunde 5 hutumia sehemu ya kumi ya muda. Kwa saa 13 ni kama saa-wati 4. Watu husahau kidhibiti chaji, ambacho kikivuta miliampia 10 mchana kutwa na usiku kucha kinakula karibu saa-wati 3. Jumla 7. Betri ya asidi ya volti 12, saa-ampia 7, msiishushe zaidi ya nusu, hivyo mna saa-wati 42 na usiku sita wa mawingu. Ya saa-ampia 12 inawapa usiku kumi. Nunueni hiyo, na paneli ya wati 10.

Paneli ilazeni nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, mvua iioshe. Mnandi wakitua juu yake kinyesi kitaifunika ndani ya wiki, basi fungeni miiba ya waya ukingoni. Wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama wingu la moshi hugandamana kwenye kioo, nao buibui hufuata. Kitambaa chenye maji ya sabuni kila Jumamosi kinatosha, bila mchanga wala brashi ya chuma, maana mikwaruzo hutawanya mwanga. Bolti ziwe zilizopakwa zinki. Na mtumbwi usifungwe kwenye mlingoti hata kwa dakika tano. Upepo mmoja wa jioni unatosha kuulaza.