Mgeni wa tajiri wangu nimwiteje?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, hapa Mashine Tatu, Iringa. Tajiri wangu Mhindu anatarajia mgeni anayemwita Swami. Mzee anayewaendeshea ibada humwita Panditji, na mwanawe hutaja Guruji. Vyote ni cheo kimoja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, na nimefurahi umeuliza kabla mgeni hajafika.

Swami ni mtawa: ameacha ndoa, mali, hata jina la kuzaliwa. Kwa mfano, Swami Vivekananda, aliyehutubia Chicago mwaka 1893, alizaliwa akiitwa Narendranath Datta. Pandit ni msomi wa maandiko na taratibu za ibada, na aghalabu ana mke na watoto. Guru ni habari ya uhusiano: ni mwalimu wa roho kwa yule aliyejiweka chini yake, kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa Swami kwa wote na Guru kwa wanafunzi wake tu. Hiyo "ji" ya mwisho ni heshima, huongezwa hata kwa baba wa nyumbani. Gandhi aliitwa Mahatma, yaani roho kuu, lakini alikuwa mwanasheria mwenye mke na wana wanne, si mtawa.

Wewe mwite Swamiji, inatosha. Usimpe mkono. Unganisha viganja kifuani, inama kidogo, sema "Namaste". Watawa wa Swaminarayan, dhehebu moja la Kihindu, wavaao nguo za rangi ya zafarani, hawagusani na wanawake kabisa. Akikaa mbali nawe usione umedharauliwa, ni nadhiri yake. Na viatu viache mlangoni.