Unga wa mia moja, wiki tatu kabla ya kura

Mmeuliza wiki hii: uchaguzi na matumizi ya pesa za serikali vinaathiriana vipi? Mimi nina duka la rejareja Likoni, Mombasa, basi nitajibu kwa unga.

Julai 20, 2022, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100, serikali ikifidia tofauti, yaani ruzuku. Kura ilikuwa Agosti 9. Bajeti ilikwisha kusomwa tangu Aprili 7, mapema kuliko kawaida, na wabunge walishatawanyika kwenda kampeni. Kifungu cha 223 cha Katiba huruhusu serikali kutumia kwanza pesa ambazo hazikupangwa, kisha iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili. Kwa dharura ni kifungu kizuri. Lakini ukitumia pesa mwishoni mwa Julai ya uchaguzi, atakayekuuliza ni Bunge jipya, na huenda wewe mwenyewe umeshaondoka.

Njaa haikuanza Julai ile. Kaskazini mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu. Ndiyo maana sikubali kwamba tangazo lile lilikuwa huruma tupu.

Dukani kwangu unga wa mia ulifika kidogo sana. Watu walikuja na noti mkononi wakakuta mzigo wangu wa bei ya zamani. Mama mmoja, mteja wa miaka, aliniambia mbele za watu kwamba nauficha. Iliniuma.

Na kura zenyewe hazikununulika. Raila Odinga, aliyeungwa mkono na rais anayeondoka, alishindwa; William Ruto alipata asilimia 50.49. Aliapishwa Septemba 13 akasema ruzuku ya unga na ya petroli basi. Kesho yake petroli Nairobi ikapanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita.

Sisemi kila pesa ya uchaguzi ni mbaya. Ahadi ya 2002 ilileta elimu ya msingi bila malipo Januari 2003, na kitinda mimba wetu akaingia darasani mwaka huo. Ile ililipwa baada ya kura, ikaendelea kulipwa.

Kura ijayo ni Agosti 2027, wiki sita tu baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza. Kabla ya hapo nataka sheria iseme wazi: ruzuku ikitangazwa mwaka wa uchaguzi, itajwe siku hiyohiyo inatoka fungu gani na itakwisha lini.