Amesali jua halijazama, mbona anasoma tena usiku?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Namtunza mzee wa Kiyahudi hapa London. Juni hii anatoka kwenda sinagogi saa 1:15 jioni, jua linawaka, na akirudi anasema ameshasali sala ya usiku. Ikifika saa 4:30 ananiita nimpe kitabu chake, anasoma tena. Ni usahaulifu wa uzee? Tena sala ya usiku inasaliwaje mchana?

JIBU: Marahaba. Hajasahau kitu, mpe kitabu.

Sala hiyo, Maariv, imebeba mambo mawili: Amida, ambayo husaliwa kwa kusimama, na Shema, maneno ya Torati yanayotamkwa "ulalapo, na uondokapo". Saa zake hazifanani.

Kuhusu Amida, wanazuoni wa Talmud, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya sheria ya Kiyahudi, walivutana. Wengi walisema sala ya alasiri, Mincha, inafaa mpaka machweo. Rabi Yehuda akasema inakoma saa moja na robo kabla, na hapo ya usiku inaingia. Talmud haikukata shauri: anayemfuata huyu sawa, anayewafuata wale sawa.

Sasa saa yenyewe si ya ukutani. Mchana hukatwa mafungu 12, na kuhesabu huanza jua linapochomoza; Mswahili hilo halimpi tabu. Ila kwetu mchana haurefuki wala kufupika sana. London mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa 10:43 alfajiri na kuzama saa 3:21 usiku, kwa hiyo "saa" moja ni dakika 83. Saa moja na robo ni dakika 104. Rudi nyuma kutoka machweo: saa 1:37. Mzee wako, nadhani, anawahi Mincha kabla ya dakika hiyo, na Maariv inafuata papo hapo. Wapo wanaosali zote mbili baada yake, jambo linalopingana lenyewe kwa lenyewe, kwa kuwa Mincha wanawafuata wengi na Maariv wanamfuata Rabi Yehuda, lakini masinagogi yameruhusiwa kwa sababu kukusanya watu kumi wanaotakiwa kwa sala ya pamoja mara mbili ni kazi.

Shema haina nafuu hiyo. Wakati wake ni nyota tatu ndogo zikionekana, na London ya Juni ni kama hiyo saa 4:30. Aliyeisoma mapema huirudia, bila baraka zinazoizunguka. Amida hairudii.

Akisinzia kabla? Vyema isomwe kabla ya usiku wa manane, ingawa inafaa hadi alfajiri. Muulize yeye mwenyewe, mchana, kama angependa umwamshe.