Hesabu kromosomu za mathenge kabla hujatuma jani hata moja

Dada, simama hapo hapo. Umeandika kwamba utazunguka Baringo, Garissa na Tana River ukikusanya majani ya mathenge, ule mti wa miiba unaovamia nchi kavu, uyakaushe kwa silika (chembe zinazonyonya unyevu), uyatume maabara ng'ambo wakupimie mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, halafu uandike tasnifu juu ya tofauti za kijenetiki za mti huu mgeni. Ukauliza pia habari za ufadhili, jarida la kuchapisha, na kama kuna ajira baada ya hapo. Nimeipitia orodha yako ya vifaa na kazi nikitafuta mahali utakapohesabu kromosomu. Hapapo. Ndipo nilipopigwa mimi, na sitaki nikuone ukipigwa hapo hapo.

Tunaposema "mathenge" tunakusanya miti zaidi ya mmoja. Prosopis juliflora ni tetraploidi: ana seti nne, kromosomu 56. Prosopis pallida ni diploidi: ana seti mbili, kromosomu 28. (Tangu 2022 wataalamu wamewahamishia kwenye jenasi Neltuma, kwa hiyo tafuta maandiko kwa majina yote mawili.) Na hawakuingia Kenya kwa mlango mmoja. Bamburi, karibu na Mombasa, walipandwa 1973 kurudisha uhai kwenye machimbo ya saruji, kwa mbegu za Brazil na Hawaii. Baringo waliletwa mwanzoni mwa miaka ya 80 na mradi wa kuni uliosaidiwa na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Ukiwachanganya wote ukawaita juliflora kwa sababu ndivyo ripoti zinavyosema, umeharibu kazi kabla hujapanda matatu.

Mimi nilikusanya Marigat (Baringo), Bura (Tana River) na Bamburi. Majibu yaliporudi, miti ya Bamburi ilikuwa safi: kwenye mchoro, kila alama ya DNA (kipande kilichopimwa) ilikuwa na vilele viwili au kimoja, kama kitabu kinavyotaka. Ya Marigat ilionyesha vitatu, mingine vinne. Nikampelekea msimamizi wangu ile michoro. Mtu huyu maisha yake yote amesoma majani ya malisho ya Ulaya, mathenge hajawahi kumchoma hata tairi. Akatazama, akaniambia bila kusita: "Huo ni uchafu wa sampuli. Ondoa." Fundi wa maabara naye akaitikia, kwamba Waafrika mnakausha majani vibaya. Hilo la mwisho sijalisamehe.

Nikaondoa. Fikiria nilichokuwa nafanya. Kila kilele ni aleli, yaani toleo moja la kipande hicho cha DNA. Mti wa diploidi hauwezi kuwa na aleli zaidi ya mbili kwenye alama moja. Tetraploidi anaweza kuwa na nne. Kwa hiyo miti niliyoiita michafu ilikuwa juliflora halisi au chotara wake, tena ile yenye utajiri mkubwa wa aleli. Niliobaki nao ni pallida, pamoja na juliflora wachache ambao aleli zao zilijirudia. Halafu, kwa data hiyo hiyo niliyoikata mikono, nikaandika sura nzima kwamba mathenge wa Baringo wana tofauti ndogo za kijenetiki na bila shaka wametokana na mbegu chache. Kinyume kabisa cha nilichokuwa nimekiona kwenye skrini! Na hitimisho la namna hiyo lina madhara, kwa sababu anayetafuta mdudu wa kudhibiti mti huu anataka kujua ni mti gani, umetoka wapi, na umechanganyika kiasi gani. Wakazi wa Baringo walimpeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake, kuonyesha walichofanyiwa na mti huu. Hawastahili kupewa jibu la kubuni.

Mtahini wa nje aliuliza swali moja tu: idadi ya kromosomu ni ngapi? Msimamizi wangu, yule mwenye "ondoa", siku hiyo alikuwa na maneno machache ajabu. Kurudi kupima ikawa shida nyingine, maana ile mashine inayopima wingi wa DNA ndani ya seli hutaka jani bichi. La silika mara nyingi husomeka vibaya. Udhamini ulikuwa umekwisha. Safari ya pili Marigat nililipa mwenyewe, na mada yangu ikachapishwa na watu wengine kabla sijamaliza.

Kwa hiyo kromosomu kwanza, mengine yote baadaye. Kwenye kila kituo chukua jani bichi la miti kadhaa, lifunge kwenye karatasi yenye unyevu, liweke kwenye kasha la baridi, lifike Nairobi haraka. Kama hakuna mashine, beba maganda yaliyoiva. Toa mbegu kwenye kile kikoba kigumu, zikwaruze kwa tupa, zilaze kwenye karatasi mbichi, na mzizi ukichomoza kata ncha yake uipake rangi uhesabu kwenye hadubini. Kromosomu zake ni ndogo mno na macho yatauma, lakini 28 na 56 huwezi kuzichanganya. Kumbuka tu mbegu ina baba pia: ukikuta 42, umekutana na chotara, na hiyo peke yake ni sura ya tasnifu. Tawi lenye maua na maganda la kila mti unaoupima likandamize, upeleke Hebaria ya Afrika Mashariki (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ili mtu mwingine aweze kukagua jina ulilolitumia.

Kabla ya kulipa chochote, iandikie ile maabara uwaulize kama programu wanayotumia inakubali aleli nne kwa mti mmoja. Wakikujibu kwamba mimea yote wanaihesabu kama diploidi, tafuta maabara nyingine. Na msimamizi akikwambia kilele cha tatu ni uchafu, mwombe aandike hivyo kwenye barua pepe.