Fundi Anajibu: Ducati ya zamani kwenye mbio za klabu

*Shikamoo Fundi. Naishi Leicester. Nimenunua pikipiki ya Kiitaliano, Ducati 748 ya mwaka 1999, nyekundu, maili chache, muuzaji anasema ilikuwa inalala sebuleni. Nataka kuiingiza kwenye mbio za klabu hapo uwanja wa Mallory Park, na Mungu akijalia nifike ngazi ya taifa. Rafiki zangu wanasema niiuze, ninunue Mjapani wa 600. Shemeji yako anasema niiuze, ninunue kabati. Nifanyeje?* (Msomaji, Leicester)

Marahaba, mdogo wangu. Usiiuze. Ila msimu wa kwanza usishindane nayo.

Najua umenuna, nisikilize kwanza. Kabla ya mbio utapita mafunzo ya ACU, chama kinachotoa leseni huko Uingereza, halafu utavalishwa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya suti ya ngozi ili wanaokuja nyuma wajue aliye mbele ni mgeni. Hukivui mpaka ukusanye sahihi za kutosha za kumaliza mbio bila fujo. Na kipindi hicho utaanguka. Sikuombei mabaya, wote wanaanguka. Ukianguka na Suzuki SV650, ambayo klabu ya Bemsee imeitengea daraja lake liitwalo Minitwins, usukani na pedeli unapata kwa mtu wa hema la pili, na mchana huohuo unarudi uwanjani. Ukianguka na 748 unaingia kwenye msako wa spea za pikipiki ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2002. Tena SV, kama 748, ni silinda mbili zilizokaa V ya nyuzi 90, kwa hiyo mkono utakaoupata kwenye gesi hautapotea.

Sasa majira ya baridi, wakati SV imefunikwa turubai, fungua 748. Anza na mikanda ya taimingi, hata kama muuzaji ameapa kwa mama yake. Kiwanda kilitaka ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa sababu mpira unazeeka hata pikipiki ikiwa imeegeshwa sebuleni. Mkanda ukikatika kwenye mwendo, vali na pistoni zinagongana, na hapo unanunua injini nyingine.

Halafu vali. Injini za kawaida hufunga vali kwa springi. Ducati inaifungua kwa roka moja, yaani mkono mdogo unaosukumwa na kamu, na kuifunga kwa roka nyingine, kazi ya injinia Fabio Taglioni, aliyeitia kwenye pikipiki ya mbio ya 125 mwaka 1956. Kwako wewe maana yake ni vali 8, na kila moja ina shimu mbili za kupima, vile vipande vidogo vya chuma vya kurekebisha nafasi. Upande wa kufungua unatumia fila geji, hiyo kila fundi anaijua. Upande wa kufunga mimi naamini vidole: ishike shimu, izungushe. Inatakiwa izunguke laini, lakini ukiivuta juu na chini usisikie mchezo. Ikikataa kuzunguka imebana. Ikichezacheza, tazama vile vipande viwili vya nusu duara vinavyoishikilia. Ukiweka vipya, rudi uvipime tena baada ya muda mfupi wa kukimbia, maana vinajilalia na nafasi inabadilika.

Ukiwa humohumo, chukua tochi umulike uso wa kila roka, pale panaposuguana na kamu. Injini za ukoo huu, 748, 916 na 996, zinajulikana kwa kubanduka kromu. Pitisha ukucha polepole. Ukikwama hata kidogo, roka hiyo itoke, na hiyo kromu iliyobanduka jua iko kwenye oili. Gereji moja iliwahi kuniletea 748 "iliyokwisha kukaguliwa", na nilipofungua kifuniko cha silinda ya nyuma nikakuta roka imemenyeka kama embe. Muhuri wa ukaguzi ulikuwa kwenye kitabu, wino haujapauka.

Yaliyobaki ni ya mkaguzi wa asubuhi ya mbio. Nati ya kumwagia oili, kifuniko cha kujazia na filta vyote vifungwe kwa waya wa usalama. Rejeta iwe na maji matupu, kwa sababu dawa ya kuzuia barafu ikimwagika lami inageuka sabuni. Bodi ya chini iweze kukinga oili. Stendi ya pembeni itoke. Pima kelele za ekzosi mapema, maana Mallory ina majirani. Zile bodi nyekundu za kiwandani zifunge blanketi uziweke chini ya kitanda, ununue za faiba. Na tafadhali usikate nyaya za taa: siku ukitaka kuuza, mnunuzi atazitazama kabla hajakutazama wewe.

Mallory penyewe, ugomvi wako utakuwa Shaw's Hairpin, kona ya kubana kweli. Gia ya kwanza ya 748 ni ndefu, na klachi yake ni kavu, ile inayogonga kama sahani jikoni. Ukiibania nusu kila mzunguko inaungua. Ongeza meno mawili au matatu kwenye sproketi ya nyuma. Ukienda uwanja wa Snetterton, wenye njia ndefu iliyonyooka iitwayo Bentley Straight, rudisha.

Kuhusu ngazi ya taifa nitakuwa mkweli. Ducati ilichukua ubingwa wa superbike wa Uingereza miaka mitano mfululizo kwa madereva watano, Bayliss 1999, Hodgson 2000, Reynolds 2001, Hislop 2002 na Byrne 2003, na Paolo Casoli alishinda Supersport ya dunia kwa 748 mwaka 1997. Siku hizo zimepita. Ukipata leseni ya taifa utahitaji pikipiki ya leo. 748 ni ya klabu, na klabuni atakayekuja kuichungulia mapema kuliko wote ni mwenye hiyo 600 ya Kijapani.

Shemeji mnunulie kabati.

*Fundi, kwa nini Ducati ilikuwa inapewa cc nyingi kuliko wengine? Si upendeleo huo?* (Msomaji, Muscat)

Kelele hizo ni za zamani. Superbike ya dunia ilipoanza 1988, silinda mbili ziliruhusiwa cc 1000, silinda nne cc 750. Silinda nyingi ndogo huzunguka kwa kasi zaidi na kutoa nguvu zaidi kwa cc zilezile, hivyo walitafuta mizani. Dereva Mwingereza Carl Fogarty alipobeba mataji manne na Ducati, watu wakasema mizani imeinama. Mwaka 2003 silinda nne nazo zikaruhusiwa 1000. Mimi nasema Honda walijibu vizuri kuliko walalamikaji: walitengeneza silinda mbili yao, na Colin Edwards akachukua taji nayo mwaka 2000.

*Jirani yangu hapa Marekani ana Moto Guzzi ya shafti. Anadai zilishinda mbio. Kweli?* (Msomaji, Minneapolis)

Kweli tupu. John Wittner, daktari wa meno, alizitengeneza kwa mbio katika miaka ya 1980, na mwaka 1987 Doug Brauneck akawa bingwa wa Pro Twins akiendesha moja yake. Shafti, inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya mnyororo, ina tabia ya kuinua nyuma ukifungua gesi, kwa hiyo Wittner aliunda fremu mpya na mkono wa nyuma wenye vyuma sambamba vya kuituliza. Kiwanda cha Moto Guzzi kikamwita Italia, na kazi hiyo ikazaa pikipiki ya Daytona 1000. Muulize jirani kama yake ni ile modeli ya Le Mans. Kama ni hiyo na anauza, niandikie kabla hujamwambia mtu mwingine.