Kadi ya mkopo kwa safari ya Masasi hadi Dar: pointi zitaokoa kiasi gani?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi, na mke wangu ni mwalimu. Desemba tunakwenda Dar es Salaam harusini kwa gari letu, na wakati wa kurudi tunataka kuwapitisha watoto Kilwa. Shemeji yangu anaishi Texas. Kila likizo anazunguka na familia yake kwa gari, na anasema mafuta na hoteli vinamrudia kwa pointi za kadi ya mkopo. Benki nayo imeniambia nina sifa ya kupata kadi ya mkopo yenye kikomo cha shilingi milioni 3, na kila matumizi yanaleta pointi. Nikiichukua nitaokoa kiasi gani kwenye safari hii? Na mafuta yote niyalipie kwa kadi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kutia saini. Kwa safari hii moja utaokoa kiasi cha kununulia soda za familia njiani. Ukiitumia kadi vibaya, utalipa mara kadhaa ya hicho ulichookoa. Shemeji yako hakudanganyi, ila anasafiri katika nchi ambayo biashara ya kadi imejengwa kwa namna nyingine kabisa.

Tuanze na pointi zinakotoka. Mwenye duka au hoteli akipokea malipo ya kadi, hapati fedha yote uliyolipa. Anakatwa asilimia fulani, na sehemu ya makato hayo inakwenda kwa benki iliyokupa kadi. Humo ndimo benki inamokumegea pointi. Marekani makato hayo kwa kadi za mkopo ni kama asilimia 2 ya mauzo, na wenye kadi wasiomaliza deni lao wanatozwa riba ambayo miaka hii imepita asilimia 20 kwa mwaka. Kwa hiyo benki za kule zina pa kuchota. Zipo kadi zinazorudisha asilimia 3 hadi 5 ya mafuta, na zipo zinazotoa zawadi kubwa ya kukaribisha, mathalani pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Muulize shemeji yako vizuri. Naamini utakuta hoteli nyingi alizolala bure zimetokana na zawadi hizo za mwanzo kuliko lita alizojaza. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, uliweka kikomo mwaka 2015: benki iliyotoa kadi ya mkopo isipate zaidi ya asilimia 0.3 ya malipo, na ya kadi ya kawaida, ile inayokata fedha iliyomo kwenye akaunti, isizidi asilimia 0.2. Pointi za kule zikakonda.

Sasa njoo kwetu. Bei ya mafuta hapa ina kikomo kinachotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi, na faida ya mwenye sheli imo ndani ya kikomo hicho. Hawezi kupandisha bei ili kufidia makato ya mashine ya kadi, kwa hiyo kila lita unayolipia kwa kadi inamla kwenye faida yake mwenyewe. Usishangae basi anayekujazia akikuomba taslimu au Lipa Namba. Na ukishavuka Mbagala kuja kusini, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru, hadi Lindi, sehemu kubwa ya fedha ya safari inatoka mkononi: samaki wa Somanga, maji, matunda, gesti, fundi wa pancha. Kilwa ni hivyo hivyo. Boti ya kuwavusha watoto kutoka Kilwa Masoko kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, hutailipia kwa mashine.

Tupige hesabu. Viwango vya benki yako sina, kwa hiyo nachukua namba za mfano, wewe weka za kwako. Tuseme kadi inakupa pointi moja kwa kila shilingi 1,000, na pointi moja ina thamani ya shilingi 10. Hiyo ni asilimia 1. Kwenda na kurudi kutoka Masasi ni kama kilomita 1,200, ongeza 200 za mizunguko ya mjini na kuingia Kilwa. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 140. Kwa bei ya mfano ya 3,000, mafuta ni 420,000. Malazi Dar usiku nne kwa 80,000 ni 320,000. Chakula na mengineyo 300,000, na sevisi ya gari kabla ya kuondoka 260,000. Jumla 1,300,000.

Hata kama yote yangelipwa kwa kadi, ungepata thamani ya shilingi 13,000. Lakini kitakachopita kwenye mashine ni hoteli ya Dar na labda tangi moja la lita 60 ukiwa mjini, yaani kama 500,000. Pointi zako zitakuwa na thamani ya shilingi 5,000. Sasa tuseme ada ya kadi kwa mwaka ni 50,000. Ili pointi zirudishe ada tu, unahitaji matumizi ya milioni 5 kwa mwaka kwenye maeneo yanayopokea kadi. Uliza ada kabla ya kuuliza pointi.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni riba. Kadi ya mkopo ni tofauti na kadi ya ATM uliyonayo mfukoni. Ile ya ATM inakata fedha yako. Hii unatumia fedha ya benki, na benki inakupa muda wa kuilipa bila riba kwa sharti moja: ulipe deni lote, kamili, ifikapo tarehe ya mwisho. Ukilipa kile kiwango cha chini wanachokiandika kwenye taarifa ya hesabu, hujakosea mkataba, ila riba inaanza kutembea, na kwa kadi nyingi inahesabiwa kuanzia siku uliyonunua. Kwa riba ya mfano ya asilimia 3 kwa mwezi, deni la 1,300,000 linazaa 39,000 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni mara tatu ya pointi zote ulizoweza kupata kwa safari nzima.

Halafu kuna mtego ambao watu wa mikoa yetu wanaweza kuuingia kirahisi kwa sababu mashine za kadi ni chache: kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye ATM. Usifanye hivyo. Kwa kawaida kuna ada ya kutoa, riba inaanza siku hiyo hiyo bila muda wa neema, na pointi hupati. Kama safari inahitaji taslimu, itoke kwenye akaunti yako ya kawaida.

Hapa naomba tuzungumzie duka lako, maana ndilo linaloamua jibu langu. Vifaa vya ujenzi Masasi vinauzika wakulima wakishalipwa korosho. Minada inaanza Oktoba, fedha zinaingia kwenye akaunti za wakulima, na ndipo mabati na saruji vinatoka. Ikifika Machi au Aprili mauzo yanalala. Kadi ya mkopo haijui msimu. Inadai kila mwezi, tarehe ile ile, hata mwezi ambao hujauza bati hata moja. Mtu mwenye mshahara anaweza kwenda nayo sambamba. Mtu anayesubiri msimu anaweza kujikuta anabeba deni la Desemba hadi Oktoba nyingine. Na deni linalochelewa linaingia kwenye kumbukumbu za wakopaji ambazo benki zote zinaziona, kwa hiyo utakapokwenda kuomba mkopo wa kununulia mzigo wa msimu, hata kikomo hicho cha milioni 3 kinaweza kuhesabiwa katika uwezo wako wa kukopa. Kwa mfanyabiashara, nafasi ya kukopea bidhaa ina thamani kubwa sana. Usiitoe kwa pointi.

Je, kadi haina kazi? Inayo, na ningependa uijue. Hoteli kubwa za mjini huzuia kiasi cha dhamana kwenye kadi unapoingia. Ukitumia kadi ya ATM, ni fedha yako inayofungwa, na inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa hata baada ya kuondoka, wakati unaihitaji kwa mafuta ya kurudi. Ukitumia kadi ya mkopo, kinachofungwa ni sehemu ya kikomo chako, na fedha yako inabaki huru. Pia ukilipia chumba mtandaoni na hoteli ikakataa kukupokea, kadi inakupa njia ya kupinga malipo kupitia benki. Jambo moja la kuangalia: mitandao ya nje ya kukodi vyumba inaweza kukutoza kwa dola, na benki ikaongeza gharama ya kubadilisha fedha. Mpigie simu mwenye hoteli moja kwa moja, umwombe bei ya shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo unayo haki ya kuiomba.

Tarehe nazo zina manufaa kwa mwenye kulipa kamili. Tuseme benki inafunga hesabu tarehe 25 na mwisho wa kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukilipa hoteli Novemba 24, utatakiwa uirudishe Desemba 15, siku 21. Ukilipa Novemba 26, malipo yanaangukia kwenye hesabu ya Desemba na mwisho ni Januari 15, siku 50. Ni fedha ile ile na chumba kile kile, lakini umepata karibu mwezi mzima zaidi bila kulipa riba. Kwangu mimi huu muda ndio faida ya kweli ya kadi, kuliko pointi.

Kama nia yako ni kupunguza gharama za barabarani, zipo sehemu nyingine zenye fedha kubwa kuliko pointi. EWURA inatangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei kikomo zinatofautiana wilaya kwa wilaya kutokana na gharama za kusafirisha mafuta. Piga *152*00# ulinganishe bei ya Masasi, ya Lindi na ya Dar kabla ya kuamua ujaze wapi. Tofauti ya shilingi 100 tu kwa lita kwenye tangi la lita 60 ni 6,000, zaidi ya pointi zako zote. Upepo wa matairi uliokaa sawa na mwendo wa kutulia vinaokoa mafuta kila kilomita. Kuhusu mwendo, faini ya trafiki ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa kadi yetu ya mfano, unahitaji matumizi ya milioni 3 ili pointi zifidie tochi moja ya kijijini ulikopita kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Na safari ya Desemba inaangukia wakati mvua zetu zinaanza. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama. Beba taslimu ya usiku mmoja wa ziada kwa familia yote, na usiihesabu kwenye bajeti ya harusi.

Kwa hiyo, kwa jina lako na kwa mapato ya duka, nakushauri usiichukue kadi hiyo sasa. Mafuta lipia kwa Lipa Namba au taslimu. Ila umesema mkeo ni mwalimu, na mshahara wake unaingia kila mwezi. Kama nyote wawili mnaona ile huduma ya hoteli na ule muda wa siku 50 vina maana kwenu, aulize yeye kwenye benki inayopitisha mshahara wake. Aombe kikomo kidogo, tuseme 500,000, kiasi ambacho mshahara wa mwezi mmoja unaweza kukimaliza bila nyumba kuyumba. Aombe pia benki iandikishe agizo la kukata deni lote kila mwezi, lisiwe la kiwango cha chini, na apewe kwa maandishi ada ya mwaka, riba kwa mwezi, ada ya kutoa taslimu na muda ambao pointi zinakufa zisipotumika. Ofisa akishindwa kuyaandika hayo manne kwenye karatasi, mwalimu asitie saini, na safari ya harusini itakwenda vizuri tu bila kadi hiyo.